Botini za Major na Bata Tisa za Mama Véro

Haya, mucheke kwanza mumalize, njo nianze. Munaniita Mama Bata, mimi mwanaume muzima mwenye ndevu na wajukuu, na wageni wa avenue, barabara yetu hii, wanadhani ni juu ya namna natembea. Si kutembea! Ni aibu nilipata siku moja mbele ya watu wa commune muzima, ile tarafa yetu yote, aibu ya kweli, ile ya kufanya mutu aombe udongo upasuke aingie na nyundo yake mukononi, na leo nataka niiseme kwa kinywa changu mwenyewe sababu jirani yangu Tonton Bosco akiisimulia anaongeza chumvi mpaka mboga inaharibika (yeye anasema bata zilikuwa makumi mbili; zilikuwa tisa, nilizitotoa mimi, nazijua).

Ilikuwa mwaka wa rebellion, ule uasi, uhuru ungali mutoto wa kubebwa mugongoni, na Kisangani yetu kwenye makaratasi ilikuwa bado na jina la Muzungu, lakini kwa kinywa sisi tulikuwa tunasema Kisangani tangu mababu. Nilikuwa fundi viatu kule Tshopo, si mbali na daraja. Mbele duka, katikati nyumba, nyuma ya parcelle, kiwanja changu, mabanda ya ndege. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya biashara, ukoo wetu ni watu wa ngozi na sindano, lakini mimi moyo wangu ulikuwa kwa mabawa. Na sikuwa peke yangu. Tulikuwa nyumba saba za wafugaji kwenye avenue, siku ya Mungu kisha misa ya wale Wakristu tunakusanyika kwangu, tunabadilishana majogoo ili damu isizeeke, tunapima mayai mbele ya taa, tunabishana mpaka jua linashuka. Na kati ya hao wote mufundi wa kutotoa alikuwa nani? Sitaki kujisifu, lakini alikuwa mimi.

Sasa, kulikuwa na Mama Véro. Mujane, mutu wa mutoni, kwao Yanonge, mama mufupi wa sauti ya chini. Yeye alikuwa na bata nyeupe, zile kubwa, mbegu aliyopewa na baba yake siku ya kuolewa, na kabla ya vita nusu ya avenue walichukua mayai kwake. Kisha waasi wakaingia muji. Njaa ya askari haina adabu: leo kuku wa huyu, kesho kanga za Tonton Bosco, keshokutwa mbuzi wa pasteur. Bata nyeupe ikabaki moja tu, tena ilikuwa inalalia mayai kumi na moja, siku yake ya makumi mbili na tano kati ya zile makumi tatu na tano. Wakakuja vijana watatu na Major wao (siku hizo kila mutu alikuwa Major, hata mupishi). Bata anayelalia hakimbii, munajua. Walimuinua juu ya mayai yake tu kama mutu anaokota kofia.

Mama Véro aliyafunga mayai kwenye kitambaa, akayaweka kwa tumbo lake chini ya libaya, ile blauzi yake, akakuja kwangu mbio. Alikuwa analia bila kupaaza sauti.

"Fundi, iko mwisho. Hii ikikufa, mbegu ya baba yangu imekwisha. Unaweza?"

Bon, mutu mwenye akili angesema, tujaribu, Mungu atasaidia. Mimi nilisema, "Mama Véro, nipe na uende ulale. Kwa mikono hii hata jiwe inatotoka."

Nikaenda kazi. Kisanduku cha sabuni, ndani vumbi la mbao, pembeni taa ya petroli, yale mafuta ya taa, imefunikwa na debe lenye matundu, na bakuli ya maji ili hewa isikauke. Nikapima mayai mbele ya taa: mbili zilikuwa zimekufa, tisa zilikuwa zinacheza ndani. Nikageuza asubuhi, mchana, jioni, nikanyunyiza maji ya vuguvugu, na petroli ya kupikia chai ikaisha yote mule (muke wangu, Mama Saidi, alikuwa ananiangalia kwa jicho moja tu masiku hayo, jicho la pili lilikuwa limekasirika kabisa).

Na Mama Véro? Hakulala. Kila siku anakuja na kiti yake kidogo, anakaa karibu na kisanduku na anaongea na mayai. Wallahi! Anayapa habari: mvua imenyesha, maji ya muto imepanda, mama fulani amezaa mapacha, mutoke muone. Na katikati anafanya ile sauti ya kooni, lu-lu-lu-lu, pole pole. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku ya Mungu mbele ya wafugaji wote nikamuiga, nikapiga magoti, lu-lu-lu-lu, watu wakacheka, Tonton Bosco akaangusha kikombe. Nikamwambia, "Mama Véro, na heshima yote, mayai haina masikio."

Yeye alijibu tu, "Ndiyo, fundi," akaendelea.

Katika masiku hayo hayo Major alipita dukani. Ndiyo, yule yule. Kijana mwembamba, miaka labda makumi mbili na tano, macho ya mutu asiyelala vizuri. Alileta botini zake, vile viatu virefu vya askari, soli zimefunguka mbele kama kinywa cha samaki. Akasema anashuka Isangi na watu yake, atarudi samedi, jumamosi ya pili, azikute tayari. Kisha akaangalia huku na huku, akauliza, "Hapa kwenu ndege haiko tena?"

Sisi wafugaji tulikuwa tumepatana neno moja, kila mutu alijua kulisema hata akiamshwa usingizini. Nikatingisha kichwa kwa huzuni. "Zote zilikufa, Major. Ugonjwa."

Akasema pole. Alisema pole kabisa, na nilijiona mujanja sana.

Alors, hapa njo nilifanya kosa, na ni kosa ndogo, muone mwenyewe. Nilimaliza botini zile kwa siku moja, kazi safi, soli mupya ya mupira wa gari, na chini nikapiga misumari ya kichwa kinene ili zisilike upesi. Nikaziweka juu ya kabati. Usiku ule mvua ikapiga, na asubuhi siafu wakatoka, wakafuata joto la kisanduku. Miguu yangu ilikuwa na kandambili tu. Nikaumwa, nikaruka, nikaumwa tena. Nikaangalia juu ya kabati. Nikajiambia: ngozi mupya inataka kuzoezwa muguu, nikizivaa kidogo namsaidia Major wa watu.

Nikavaa. Eh, ndugu zangu! Mutu akivaa botini ya askari mugongo unanyooka wenyewe. Nilikuwa natembea nyuma ya nyumba, misumari inalia kwa, kwa, kwa, siafu wanakufa, naamuru majogoo, napokea saluti ya mabata ya majirani niliyokuwa nimeficha. Kesho yake siafu walikuwa wamekwisha lakini mimi nikavaa tena. Mama Saidi akasema, "Baba Saidi, vua viatu za watu." Nikamwambia yeye hajui mambo ya ngozi.

Siku ya makumi tatu na tano, mbele ya adhuhuri, yai la kwanza likapasuka. Mama Véro alikuwa amekwenda sokoni na pondu yake, majani ya muhogo. Nilikuwa peke yangu, nimesimama karibu kabisa, na miguuni nina nini? Botini. Nikatoa kila kifaranga, nikakikausha, nikakiweka chini juu ya gunia. Tisa, zote nzima, manjano! Nililia, sisemi uongo, nilikaa chini ya ukuta nikalia. Kisha nikasimama kwenda kumuita muke wangu, kwa, kwa, kwa, na nyuma yangu nikasikia pi-pi-pi-pi. Nikageuka. Zote tisa kwa musitari.

Sasa munisikilize vizuri. Kila mufugaji anajua jambo hili, na mimi njo nilikuwa nafundisha wengine: kitoto cha bata kikitoka, kitu cha kwanza kinachotembea mbele yake, kile njo mama yake mpaka kikue. Nilijua! Lakini kichwani mwangu nikasema, zinanipenda mimi. Sikukumbuka kwamba kitoto cha bata kimesimama hakipiti kifundo cha muguu. Uso wangu hazikuuona hata siku moja. Zilichoona ni ngozi nyeusi na kamba, na zilichosikia ni misumari.

Masiku tano nilikuwa mufalme. Nyumba saba zote zikakuja kuangalia: nikienda kushoto, zinaenda kushoto, nikisimama, zinalala juu ya ncha ya botini. Mama Véro alishika mikono yangu miwili, akaitingisha. Tulipatana zibaki kwangu mpaka ziote manyoya, kisha kila nyumba ipate dume ao jike, ili mbegu isikae tena mahali pamoja. Donc, kwa hiyo, mbegu ya avenue muzima ilikuwa nyuma ya duka langu, imefungwa na uzio wa fito.

Samedi ikafika. Alfajiri nikavua botini, nikazipiga brashi mpaka zikang'aa, nikazirudisha dukani. Nyuma kule vilio vikaanza. Pi-pi-pi! Pi-pi-pi! Nikapita mbele ya uzio na kandambili zangu, nikasema, niko hapa, mutulie. Hazikuniangalia hata. Nikafikiri zina njaa.

Saa kumi Major akaingia. Kwenye rond-point, pale barabara zinazunguka, watu walikuwa wameisha kukusanywa kwa meeting, mukutano wa waasi, yeye njo alipaswa kusema, alikuwa na haraka, na makelele ya watu barabarani yalimufunikia vilio vya nyuma. Akakaa, akaingiza muguu wa kuume, akasimama kuvaa.

"Iko kitu ndani."

Akavua, akapiga botini kwa kiganja. Kikatoka kipande cheupe cha ganda la yai.

"Iko nini hii?"

Nikamjibu bila kupumua, "Dawa ya harufu, Major. Chokaa. Tunaweka kwa wakubwa tu." Akakiangalia, akaniangalia, akakitia mufukoni. Akafunga kamba, akasimama, akakanyaga sementi ya mulango wangu: kwa. Kwa. Kwa.

Nyuma vilio vikakatika mara moja. Na mimi, mufundi, mwalimu wa wafugaji, bado sikuelewa! Nilifurahi kwamba zimenyamaza. Kisha nikasikia kitu laini kinapita kwenye kifundo cha muguu wangu, halafu kingine, halafu kingine, zimepita chini ya uzio, katikati ya nyumba, kati ya miguu yangu, tisa, manjano, kwa musitari, zikashuka barazani zikatoka avenue, nyuma ya Major.

Nikakimbia. Sikuweza kupiga kelele, kelele gani? Nikainama kukamata ya mwisho, ikaniponyoka, kandambili ikakatika. Major alikuwa anatembea kifua mbele, walinzi wake wawili wako mbele wanafungua njia, hakuna anayeangalia nyuma. Watu waliokuwa pande mbili za avenue wakaona. Kwanza wakagusana viwiko. Kisha mama mumoja akaziba kinywa na kitambaa. Siku hizo kumcheka Major si muchezo, watu walikuwa wanauma midomo, wanaangalia mbinguni, muzee mumoja akajifanya anakohoa mpaka machozi yakamtoka. Na nyuma ya bata ya tisa niko mimi, nimeinama, muguu mumoja bila kiatu, mikono imenyooshwa. Tukaingia rond-point hivyo, mbele ya commune muzima.

Major akapanda ngazi ya kwanza ya ile nyumba ya posta, akageuka, akafungua kinywa kusalimia, na watu wakashindwa. Kicheko kikapasuka. Akaangalia nguo yake, akashika kofia, kisha akaangalia chini. Tisa zimekaa juu ya botini zake, zimefumba macho, zimefika kwa mama.

Kicheko kikakufa. Akasema pole pole, "Nani alisema zote zilikufa na ugonjwa?" Akatoa kile kipande cha ganda mufukoni. Akaniona. "Fundi. Dawa yako ya harufu iko na miguu?"

Kichwani nikaona mabata ya majirani chumbani kwangu, majogoo ya Tonton Bosco chini ya kitanda changu, nyumba saba zote zinapekuliwa juu yangu mimi na siafu wangu.

"Zinanifuata," akasema, "donc ziko zangu."

"Hapana, Major, mimi nilizitotoa. Mimi njo mama yao."

Mulisikia? Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya wote. Mimi njo mama yao. Jina langu lilizaliwa pale pale.

Akakunja mikono. "Ziite. Zikimufuata mutu mwingine mbele ya macho yangu, achukue."

Nikapiga muguu chini. Wenye kandambili: pwa. Usio na kitu: haukusikika. Bata hazikufungua hata jicho. Pwa, pwa. Tonton Bosco kutoka nyuma, "Fundi, ongeza musumari!" na watu wakalia kwa kucheka. Nikapiga magoti, nikaona hakuna njia tena, nikasema yote. "Major, nilivaa botini zako. Masiku nane. Zinajua viatu vyako, hazinijui mimi."

Hakucheka. Midomo yake ikabana, na mulinzi mumoja akanisogelea. Hapo njo Mama Véro akatoka kati ya watu. Alikuwa na kikapu cha pondu kichwani, akakitua chini taratibu, akapangusa mikono.

"Papa," akamwambia Major (anaweza kumuzaa, lakini alimuita Papa), "mama yao mulimukula. Ile nyeupe. Mulimutoa juu ya mayai. Hakuna aliyekudanganya, ndege zetu zilikufa. Hizi ni mayatima."

Mama Véro akachuchumaa na akafanya ile sauti ya kooni. Lu-lu-lu-lu. "Bana, watoto wangu, mvua imenyesha. Mutoke muone."

Moja ikainua kichwa. Ya pili. Ikashuka ngazi ya kwanza ikaanguka, ikasimama. Lu-lu-lu-lu. Zikashuka zote, zinakimbia na yale mabawa yasiyo na kitu, zikaingia chini ya kitambaa chake, na aliendelea kuyasema yale yale aliyokuwa anayasema karibu na kisanduku, habari za mvua, za muto, za mapacha. Zilimusikia tangu ndani ya ganda! Masiku kumi zilikuwa zinamusikiliza, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta nacheka.

Major aliangalia botini zake tupu. Na niliona, labda mimi peke yangu niliona sababu nilikuwa chini: alipiga kisigino kidogo, kwa, kwa, mara mbili, kama mutu anayebisha mulango bila kutaka asikiwe. Hakuna iliyogeuka.

"Chukua, mama," akasema.

Nyumba zetu hakupekua. Lakini mimi hakunisamehe, na alikuwa na haki. Aliniambia kwa sababu napenda kutembea ndani ya viatu za wakubwa, nizunguke rond-point mara tatu, nimechuchumaa, mikono kwenye makwapa, na nilie kama bata, kwa sauti watu wa nyuma wasikie. Nilizunguka. Mzunguko wa pili Mama Saidi alijificha uso kwa khanga. Wa tatu alikuwa anacheka kuliko wote.

Jioni nilikwenda kwa Mama Véro na kandambili yangu moja. Nilisema, "Mama, nisamehe." Alikuwa anakata pondu, bata zimelala kwenye sketi yake. Akasema, "Kwa nini, fundi? Mayai haina masikio."

Vita vilipita, kisha vikakuja vingine. Mama Véro tulimuzika kwao Yanonge, na leo ukiona bata nyeupe kubwa toka Tshopo mpaka ng'ambo ya muto, ujue ni ya zile tisa. Mimi kiatu cha mutu nashona kwa mikono, hata kukipima muguuni hapana, wallahi, siafu wanile mpaka magoti. Na kila nikiweka mayai kwenye kisanduku navua kandambili, naleta kile kiti chake kidogo alichoniachia, nakaa, nafanya lu-lu-lu-lu na hili koo langu baya, nayapa habari za avenue. Wajukuu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Nawaacha wacheke, naendelea.